Rota Iliyotoka Nyumbani Bila Kugongwa

Ndugu, majirani na mafundi mliofika,

Huyu tunayemlaza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Shindilia, na familia imekubali aitwe hivyo hapa, kwa kuwa hata mkewe alimwita hivyo, hasa akikasirika. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, na mjane ameusikiliza neno kwa neno kabla haujachapwa. Pale alipoona mumewe anapambwa kupita kiasi alisema, "Hapo mmetia chumvi. Itoeni." Ikatolewa.

Shindilia alizaliwa tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho, na mama yake alifua nguo za watu. Tangu akiwa na meno ya utoto, hakuna kitu kilichofungwa kwa skrubu kilichobaki salama mbele yake. Siku moja aliifungua saa ya mezani ya baba yake, saa pekee ya nyumba nzima, akapata kichapo alichostahili, kisha akaifunga tena kama ilivyokuwa, ila kuanzia hapo ikawa inakwenda mbele. Mlinzi akawa anafika langoni kabla ya wenzake wote bila kujua kwa nini, na mwaka haukuisha akapandishwa cheo. Mzee wa watu alikwenda kaburini akiamini ni bidii yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Alikuwa hodari wa hesabu na dhaifu katika kila jambo lililotaka mtu atulie. Mwaka 1968, akiwa kidato cha pili, baba yake aliumia mgongo, naye akaacha shule akaingia kujifunza kazi kwenye karakana ya kusubu, mahali ambapo metali huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu za mchanga. Kazi ya kwanza aliyopewa peke yake ilikuwa kifuniko cha pampu. Kwa kuwa kifuniko cha zamani kilikuwepo, hakuona sababu ya kujisumbua kuchonga mfano wa mbao. Alikikandamiza kilekile mchangani, akamimina, akangoja. Kikatoka kizuri, kinang'aa, na hakikuenea. Metali ikipoa husinyaa, na yeye hilo alikuwa hajalijua. Mwalimu wake wa kazi, mzee mfupi asiyecheka ovyo, alivishika vifuniko vyote viwili, kimoja kila mkono, akamwambia, "Nilikutuma uniletee pacha wake, wewe umeniletea mtoto wake." Ndipo alipofundishwa kutumia rula ya mafundi wa kusubu, ambayo ni ndefu kidogo kuliko rula ya kweli, ili kitu kikishasinyaa kiwe sawasawa. Alipenda kusema kwamba yake ndiyo kazi pekee ya halali inayoanza na uongo.

Mwaka 1979 alifungua karakana yake mwenyewe, uani kwake. Wale msioijua kazi hiyo mvumilie kidogo. Magari kadhaa ya zamani, yale ya taa za duara na boneti ndefu, yalifungwa kifaa kinachoitwa supachaja. Kazi yake ni kuishindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe, ili gari lipate nguvu. Ndani yake mna rota mbili, vipande vizito vya alumini vyenye umbo la namba nane, vinavyozunguka kwa kasi bega kwa bega bila kugusana. Mwanya kati yao haupiti unene wa karatasi. Viwanda vilivyovitengeneza vilifungwa zamani, na wengi walioviunda wako huko huko tunakompeleka fundi wetu leo. Rota ikiharibika gari limekufa, isipokuwa apatikane mtu wa kuitengeneza upya, na mtu huyo alikuwa yeye. Alipoulizwa anafanya kazi gani alikunja ngumi, akaisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili na kusema, "Nashindilia!" Jina likamganda.

Fundi mwingine hunakili anachokiona. Yeye alisema ukinakili kitu kilichochakaa unanakili na uzee wake. Aliweza kukaa na rota iliyolika asubuhi nzima, akiigeuzageuza, akiwaza ilikuwaje siku ilipotoka kiwandani. Wateja wenye haraka walimfokea. Hakuwahi kuwajibu vibaya, kwa sababu nusu ya waliyoyasema hakuyasikia. Miaka ya nyundo, tupa na mashine ya kukereza, ile inayochonga metali ikiizungusha, ilikuwa imemla masikio, na hilo, kwa mtu wa kazi yake, lilikuwa balaa. Kipuri kilichosubiwa lazima kigongwe. Kikiwa kizima hulia vizuri na sauti ikakaa hewani. Kikiwa na ufa ndani, hata ule usioonekana kwa jicho, sauti hufa papo hapo. Shindilia aligonga na kugonga, na kwake yeye kila kitu kilikuwa kimeshakufa.

Hapo ndipo alipoingia mkewe. Mwaka 1984 Shindilia alikwenda sokoni kununua bakuli, akamkuta mwuza vyombo, msichana mwenye mdomo mwepesi, akigonga kila bakuli kwa kifundo cha kidole kabla ya kumpa mteja, na kuyatenga mabovu. Alisimama pale muda mrefu kuliko bakuli linavyostahili.

"Kaka, unanunua au unalinda?"

"Umejuaje kama hilo ni bovu? Mbona halina ufa?"

"Unao. Kwani husikii?"

"Hata wewe sikusikii vizuri. Rudia."

Kesho yake alirudi na kasha la supachaja begani, akaliweka katikati ya sahani za watu. "Na hili?" Msichana akaligonga. "Hili limekufa, kaka. Pole." Lilikuwa jasho lake la mwezi mzima. Shindilia alikaa chini palepale akacheka mpaka wanunuzi wakasogea pembeni. Wengine huchumbiwa kwa pete na maneno matamu. Msichana huyu alichumbiwa kwa alumini mbovu, na hajawahi kulalamika, au tuseme alilalamika juu ya mengine. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba mwaka huo, na mafundi wakampa bibi harusi jina la Mama Bakuli.

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na sheria yake. Kipuri hakitoki mpaka kimetundikwa kwa kamba kwenye mlango wa jikoni na Mama Bakuli amekigonga kwa mpini wa mwiko. Alisema "zima" au alisema "bovu", kama alivyozoea kusema juu ya mabakuli. Kilichoitwa bovu kilirudi kuyeyushwa, hata kama mteja amesimama mlangoni na kofia mkononi. Walibishana juu ya kila kitu, juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi, juu ya majina ya watoto, juu ya nani alianza kukoroma. Juu ya maneno hayo mawili hawakubishana hata mara moja. Wateja wao waliambiwa tu "imegongwa", wakaridhika. Walijaliwa watoto watatu: binti mkubwa, kijana wa katikati anayefanya kazi mbali, na binti kitinda mimba ambaye bado yuko nyumbani.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu wa mtu husema "aliugua kwa muda mfupi" na kuendelea. Mjane amekataa tuendelee hivyo.

Mwezi uliopita binti mkubwa alijifungua, na Mama Bakuli akaenda kumwangalia mzazi. Wakati huohuo alikuwepo mteja mmoja, mfugaji wa kuku anayekaa milimani, mwenye gari aliloachiwa na marehemu baba yake. Katika gari hilo mama yake alipelekwa kwenye harusi yake. Sasa bibi huyo alikuwa amekonda, anapungua kila wiki, na siku yake ya kuzaliwa ilikuwa inaangukia Jumamosi. Mwanawe alitaka ampandishe tena gari lile, mara moja tu. "Fundi, mama yangu simwoni akifika mwakani," alisema. "Nisaidie." Mtu akikuambia hivyo, na wewe mama yako ulishamzika, unafanyaje? Shindilia alisubu rota tatu kutoka chungu kimoja, mbili za gari na moja ya akiba kama desturi yake. Zilikuwa siku za mvua, na mchanga wa kalibu haukukauka vizuri. Alizikereza mbili za kwanza, akazitia shafti zake, na mfugaji akaja kuzichukua.

"Zimegongwa?"

"Zimegongwa."

Alikuwa amezigonga mwenyewe, akaweka kiganja juu yake, akajiambia anausikia mtikisiko. Haraka haraka haina baraka. Sote tunaijua methali hiyo, na sote huikumbuka kesho yake.

Kesho yake alianza kuikereza ile ya akiba, na chini ya ngozi ya alumini akakuta vitundu vidogo vidogo, kama vya mkate, kazi ya ule unyevu wa mchanga. Chungu kilikuwa kimoja, mchanga ulikuwa ule ule. Alijua maana yake. Katika magari ya namna ile, petroli hupita ndani ya supachaja ikiwa imeshachanganyika na hewa. Rota ikipasuka ikiwa kwenye kasi, metali inasaga metali na cheche zinaruka katikati ya petroli. Na nyuma tu ya injini hiyo angekaa bibi kizee ambaye hawezi kufungua mlango mwenyewe. Kitinda mimba alimsikia baba yake akipiga kelele kwenye simu, akadhani ni ugomvi wa kawaida na mteja. Hakuwa anagombana na mtu. Kule milimani simu haipatikani, na yeye alikuwa anaifokea sauti ya mtambo.

Jioni ya siku hiyo Mama Bakuli alirudi na habari tele za mjukuu. Mumewe alikula bila kuuliza mtoto amefanana na nani.

"Una nini wewe?"

"Kesho nitakueleza."

Asubuhi alivaa shati lake zuri na viatu vya safari. Mama Bakuli alifurahi moyoni, akadhani hatimaye anakwenda kumwona mjukuu, akaenda kumpigia pasi kitambaa cha mfukoni. Aliporudi nacho alimkuta ameanguka kwenye kizingiti cha karakana. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wake wa kulia wote, na ulimi juu yake. Ile kesho ilifika, lakini hapakuwa na wa kueleza.

Hospitali walimlaza kitanda cha dirishani. Alipozinduka, mkono wake wa kushoto ulianza kugonga chuma cha kitanda. Aligonga, akatazama nyuso za watu, akagonga tena. Muuguzi akaleta maji. Akaleta chombo cha haja. Binti mkubwa, aliyekuja na kichanga mgongoni, akamgeuza mto. Kiongozi wa sala akaitwa, akasali sala ndefu na nzuri. Shindilia alifumba macho kwa heshima, na kabla ya "amina" kumalizika akawa anagonga tena. Watu walisema ni ugonjwa, ni mishipa tu, isimsumbue mtu. Kisha machozi yakaanza kumtoka, na hakuna hata mmoja katika ukoo huu aliyewahi kumwona akilia. Mama Bakuli alimshika ule mkono ili aupumzishe. Aliunyakua, akagonga.

Ijumaa mchana mkewe alimletea supu kwenye bakuli la nyumbani, la udongo, kwa sababu ya hospitali hakuyaamini. Shindilia alimnyang'anya kijiko kwa mkono wa kushoto. Akaligonga bakuli, akamkazia macho mdomoni.

Mama Bakuli alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Zima," akasema. "Nililichagua mwenyewe."

Akatikisa kichwa. Akagonga tena, supu ikamwagika.

"Zima, Shindilia. Kula kwanza."

Akatikisa kichwa, machozi yanashuka. Basi, ili amridhishe tu, kama mtu anavyomridhisha mtoto, akamwambia, "Haya, bovu."

Kijiko kilianguka. Alimkamata mkewe kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo daktari alikuwa amesema hana tena. Alama bado ipo, na wale mliompa pole kwa kumshika mkono mmeiona.

"Bovu? Bakuli?" Akatikisa kichwa. "Kitu cha karakana?" Akaitikia kwa kichwa, akaitikia na kuitikia. "Kimetoka? Shindilia, kimetoka bila mimi?"

Shindilia alimwachia mkono, akageuzia uso dirishani.

Mama Bakuli alitoka hospitali hata kanga hajaiweka sawa, akaenda moja kwa moja karakana. Rota ya akiba ilikuwa bado imebanwa kwenye mashine, nusu imekerezwa. Aliitoa, akaitundika kwenye mlango wa jikoni, akaigonga. Kitinda mimba alisimama nyuma yake.

"Mama, inasemaje?"

"Haisemi. Wenzake wako wapi?"

"Alizichukua yule mfugaji. Kesho si ndiyo siku ya mama yake?"

Walipiga simu mpaka simu ikapata moto. Haipatikani. Walimtafuta fundi anayemjua mfugaji, hakuwepo. Walimtafuta dereva anayepeleka chakula cha kuku huko juu, gari lake lilikuwa limekwama kwenye matope. Na alfajiri ya Jumamosi, wakati Mama Bakuli anajiandaa kwenda mwenyewe, daktari akawaita wanawe kando na kuwaambia wanaotaka kuwa karibu na mzee wasiende mbali.

Ndugu zangu, hebu jiwekeni mahali pa mwanamke huyo. Huku mume wa maisha yake anakata roho. Huko mama wa mtu, asiyemjua hata kwa sura, anavalishwa nguo nzuri akae juu ya kitu kibovu kilichotoka nyumbani kwake. Binti mkubwa alimshika kanga.

"Mama, utamwacha leo? Leo? Tuma mtu!"

"Nimtume nani?"

"Mdogo wangu aende, amweleze."

"Atamwambia ina ufa. Mwenye gari atamuuliza, umejuaje? Atajibu nini? Mgongaji ni mimi, mwanangu. Angekuwepo mwingine, ningemtuma yeye nikakaa hapa."

Aliinama kwenye sikio la mumewe, lile zuri kidogo, akapiga kelele kama walivyozoea nyumbani, wodi nzima ikageuka. "Nimeelewa! Naenda kuigonga! Shindilia! Naenda!" Mkono wa kushoto haukusimama. Kama alisikia, hakuna ajuaye. Mama Bakuli alimfuta mdomo, akatoka, na hakugeuka nyuma, kwa sababu, anasema, angegeuka asingeondoka.

Kitinda mimba ndiye aliyeendesha, gari la kuazima. Njia ya milimani ilikuwa utelezi mtupu. Katika kona moja waliteleza mpaka ukingoni, na Mama Bakuli akasema tu, "Endesha." Walipofika, gari lilikuwa limeshatolewa uani, limeng'arishwa, na bibi kizee ameketi ndani na kofia kichwani. Mwanawe alikuwa hajaliwasha hata mara moja. Alikuwa ameapa mngurumo wa kwanza ausikie mama yake. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye ufunguo.

"Baba, usiwashe!"

"Wewe nani, mama?"

"Mke wa Shindilia. Usiwashe. Rota zile zitoe."

"Zitoke? Mama, angalia nani amekaa hapo. Nimengoja siku hii nywele zikaota mvi. Mumeo mwenyewe ameniambia zimegongwa."

"Zimegongwa na nani? Anayegonga ni mimi. Miaka yote hiyo ni mimi. Na safari hii sikuwepo. Yeye yuko kitandani anakufa, mwanangu, na mdomo hana, na anagonga kitanda tangu alipoanguka ili mtu aje akuambie. Nimemwacha anakufa nikaja. Usiwashe."

Mfugaji alimtazama, akamtazama mama yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayenyang'anywa kitu mkononi. Bibi ndiye aliyesema, kutoka ndani ya gari, "Lifungue, mwanangu. Siku ya harusi yangu nayo lilikataa kwenda, baba yako akalisukuma. Mimi nimeshakaa, sina haraka."

Kulifungua kulichukua asubuhi yote. Mama Bakuli alisimama akipokea kila nati mkononi. Rota ya kwanza walipoitundika kwa kamba kwenye boriti ya banda la kuku, aliigonga, akafumba macho. "Zima." Mfugaji akavuta pumzi. Wakatundika ya pili. Mjane anasema sauti ile haikuwa na mwanya wa kubishana, ilikuwa kama kugonga godoro. "Bovu." Mfugaji mwenyewe aliisugua kwa mafuta na unga wa chaki, na ufa ukajitokeza, mwembamba, kutoka kwenye shafti mpaka karibu na ukingo. Alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya sherehe, akashika kichwa.

Walikuwa wameshuka nusu ya mlima simu ilipopata mtandao, ikalia hapohapo. Alikuwa binti mkubwa. Mama Bakuli hakumwacha aseme. Aliuliza jambo moja. "Alikuwa bado anagonga?"

"Alikuwa bado anagonga, mama. Polepole. Mpaka mwisho."

Shindilia alifariki dunia Jumamosi iliyopita kabla ya adhuhuri, mkewe akiwa mlimani na mkono wake mwenyewe ukiwa kwenye chuma cha kitanda. Watu wengi wamemfariji mjane kwa kumwambia kwamba alisikia, kwamba moyoni alijua, kwamba aliondoka ametulia. Mnamtakia mema, na anawashukuru, lakini ameomba msimwambie tena. "Nimekaa na mtu yule, namjua," amesema. "Angekuwa ametulia asingegonga. Amekufa anadhani amemuua mama wa mtu."

Ameacha mjane, Mama Bakuli; binti wawili na mwana mmoja; wajukuu wanne, na kati yao yule mchanga ambaye hakuwahi kumpakata; kaka mmoja na dada wawili; wanafunzi wake wa karakana; na magari ya watu, katika nchi ambazo hakuzifikia, yanayotembea kwa vipuri vya mikono yake. Leo yupo pia mfugaji wa kuku, na mama yake amekaa mbele pale kwenye kiti, mwenye kofia. Ameingia hapa kwa miguu yake mwenyewe.

Wazee wa familia walimweleza mjane kwamba wasifu husomewa walio hai, na kwamba si desturi kumsemesha marehemu. Aliwajibu, "Alikuwa kiziwi hata alipokuwa hai, na nimesema naye miaka yote hiyo. Leo ndiyo mnanikataza?" Basi wamekubali. Amemwomba msomaji apaze sauti hapa, awe amesimama upande wa sikio la kushoto, lile zuri kidogo, na asome maneno haya yanayofuata kama alivyoyatoa yeye:

Shindilia! Nilifika. Moja zima, ya pili bovu. Gari halikuwashwa. Bibi yu hai, huyu hapa. Acha kugonga sasa, mume wangu, upumzike.